Mstari wa 214

Mstari wa 214 kwenye jedwali langu la kuhesabu mawasilisho ya makongamano una jina la mtafiti ambaye hakufika. Kitabu cha ratiba kinasema bango lake lingekuwa ubaoni siku ya pili ya kongamano, kipindi cha asubuhi. Nilisimama mbele ya ubao huo. Palikuwa na namba iliyobandikwa kwenye kona ya juu, pini nne kwenye kijisahani cha plastiki, na kitambaa cha kijivu kitupu. Kulia kulikuwa na bango kuhusu usingizi na kumbukumbu, kushoto bango kuhusu uchovu wa wauguzi, na watu walikuwa wamejazana pande zote mbili. Pale katikati walikuwa wameegesha mikoba yao.

Kwenye jedwali, hata hivyo, mstari huo unaipa taasisi yetu alama moja kamili.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya utafiti ya chuo kikuu. Mimi si mwanasaikolojia. Nilisomea takwimu, na kwa miaka sasa kazi yangu ni kuwahesabu wanaofanya utafiti, jambo ambalo halijaniletea marafiki wengi. Hii ya makongamano ilianza siku mkurugenzi wetu aliponiita akaniambia, "Nataka kujua idara ya saikolojia inazalisha kiasi gani, na nimechoka kusubiri majarida." Nikamjibu, "Sawa, Profesa," nikatoka nikidhani ni kazi ya wiki mbili.

Hoja yake haikuwa mbaya. Makala ya saikolojia ikitumwa kwenye jarida leo, itapita kwa wahakiki, itarudishwa kurekebishwa, itapita tena, na mpaka itoke mwaka unaweza kuwa umekatika au hata miwili. Ukipima idara kwa majarida, unapima kazi iliyofanywa na watu ambao baadhi yao wameshahama. Ikisiri ya kongamano, yaani muhtasari mfupi wa utafiti, hutumwa miezi michache tu kabla ya mkutano, kwa hiyo inakuonyesha kinachopikwa sasa hivi. Tena ratiba ni hati moja, iko wazi kwa kila mtu, na taasisi zote zimo ndani yake kwa muundo ule ule: kichwa cha mada, majina, taasisi. Kwa mtu wa takwimu, kitu kama hicho kinatamanisha.

Na wanasaikolojia wenyewe wana historia ndefu ya kujihesabu. Chama cha Saikolojia cha Marekani, APA, kilianzishwa mwaka 1892 kwa mwito wa mwanasaikolojia G. Stanley Hall, kikiwa na wanachama 31, na mkutano wake wa kwanza wa mwaka ukafanyika Philadelphia Desemba ile ile. Miaka 14 tu baadaye mwanasaikolojia James McKeen Cattell alichapisha orodha ya wanasayansi wa Marekani, akawawekea alama ya nyota wale elfu moja waliotajwa na wenzao kuwa bora. Hakuishia hapo. Alihesabu taasisi ipi ina nyota ngapi, na toleo la 1910 lilipotoka akahesabu upya aone nani kapanda na nani kashuka. Naamini kila mkuu wa chuo anayeuliza "sisi ni wa ngapi?" anapaswa kumshukuru au kumlaumu Cattell bila kujua.

Upande wa makongamano, waliozama zaidi ni wanasaikolojia wa kazi na mashirika. Chama chao, SIOP, kilianza kufanya kongamano lake chenyewe mwaka 1986 huko Chicago, na kwenye jarida lao la TIP wamewahi kupanga taasisi kwa jinsi zinavyoonekana kwenye ratiba. Wana sababu nzuri. Wengi wao wanafanya kazi kwenye kampuni, si vyuoni, na mtu wa kampuni haandiki sana kwenye majarida, ila huja kongamanoni na kueleza alichokifanya. Ukihesabu majarida peke yake, nusu ya ukumbi huioni.

Basi nikachukua vitabu vya ratiba vya miaka kadhaa nikaanza. Siku ya kwanza niliingiza mistari mingi sana nikajiona hodari. Siku ya pili nikakutana na simpoziamu.

Kwa asiyejua: bango ni karatasi moja kubwa, mtu anasimama kando yake saa moja au mbili akieleza. Simpoziamu ni kikao chenye mawasilisho kadhaa chini ya mada moja, mwenyekiti wa kuendesha, na mwishoni mchangiaji wa kuyaunganisha na kuyakosoa. Nilichokutana nacho kilikuwa na mawasilisho manne, kila moja na waandishi wanne. Profesa mmoja alikuwa mwenyekiti, na jina lake lilikuwa la mwisho kwenye matatu kati ya yale manne. Sasa niambie, huyu ana alama ngapi?

Ukihesabu kila mara jina linapotokea, ana 4. Ukigawa kila wasilisho sawasawa kwa waandishi wake na uenyekiti usiupe kitu, ana robo tatu, yaani 0.75. Ipo pia kanuni ya Howard, Cole na Maxwell, waliohesabu makala za majarida ya APA na kuchapisha matokeo yao mwaka 1987. Wao humpa mwandishi wa kwanza fungu kubwa, na kila anayefuata hupata theluthi mbili ya aliyemtangulia. Makala ikiwa na waandishi wawili, wa kwanza anachukua 0.60 na wa pili 0.40. Wakiwa watatu ni 0.47, 0.32 na 0.21. Wakiwa wanne, wa mwisho anaambulia 0.123. Profesa wetu, mara tatu ya hiyo, ana kama 0.37.

Nne, au robo tatu, au chini ya nusu. Mtu yule yule, kikao kile kile, ambacho hakikuchukua hata saa mbili.

Niliziendesha kanuni zote tatu kwenye jedwali zima. Kwa kuhesabu majina, taasisi yetu ilikuwa juu kabisa kwenye kundi la vyuo tunavyojilinganisha navyo. Kwa kugawa sawasawa ilishuka. Kwa kanuni ya 1987 ilishuka tena, maana watu wetu wana desturi ya kuandikana kwa wingi, na mara nyingi tunaonekana nafasi ya tatu au ya nne kwenye kazi za wengine. Nilimpelekea mkurugenzi majedwali yote matatu. Aliyaangalia, akalichukua la kwanza, akayarudisha mawili. "Hili linaeleweka zaidi," akasema. Sikubisha. Ningepaswa kubisha.

Niseme ukweli, hakuna kanuni iliyo sahihi kati ya hizo. Kwenye maabara nyingi za saikolojia jina la mwisho ni la mwenye maabara, aliyetafuta fedha na kulea wazo, na kanuni ya 1987 humtupia makombo. Kwenye maabara nyingine jina la mwisho ni la aliyesaidia kukusanya madodoso, na hapo kanuni iko sawa kabisa. Ratiba haikwambii ni lipi. Kosa ni kuchagua kanuni baada ya kuona matokeo, na ndicho tulichokifanya ofisini kwetu, mlango ukiwa umefungwa.

Majina ya taasisi nayo yalinitoa jasho. Chuo kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa namna saba tofauti: jina kamili, kifupi, jina la kitivo bila chuo, jina la hospitali ya kufundishia, na moja ambalo mtu aliandika jina la mradi tu. Kompyuta inaziona hizo kuwa taasisi saba ndogo dhaifu. Halafu kuna aliyehama: utafiti aliufanya kwetu, ikisiri akaituma akiwa kwetu, kongamano likafika yuko kwingine na beji yake ina jina la kwingine. Alama ni ya nani? Mimi huipa taasisi iliyoandikwa kwenye ratiba, kwa sababu ndiyo ninayoweza kuithibitisha, lakini najua ninawanyima wenye haki. Namba za utambulisho, za ORCID kwa watafiti, zilizoanza mwaka 2012, na za ROR kwa taasisi, zilizoanza 2019, zingemaliza ugomvi huu kama waandaaji wote wangezidai wakati wa kupokea ikisiri. Wengi hawazidai. Bado nalinganisha majina kwa macho, usiku, nikiwa na rula juu ya karatasi.

Lakini jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa ule ubao mtupu.

Mpaka pale nilikuwa nachukulia ratiba kama kumbukumbu ya yaliyotokea. Kumbe huchapishwa kabla. Ni orodha ya ahadi. Mtu aliahidi kuja na matokeo, na mara nyingine ahadi ilitolewa data ikiwa bado inakusanywa. Ikisiri inasema "matokeo yatajadiliwa", na mhakiki mwenye rundo la ikisiri za kusoma anapitisha. Anayefika na bango tupu la ahadi na anayefika na utafiti uliokamilika wana alama sawa. Asiyefika naye anayo. Na mwanafunzi aliyesimama kwa niaba ya mwalimu wake aliyeugua, akajibu maswali mpaka sauti ikakauka, hana kitu, kwa sababu kitabu kilishachapishwa.

Kisha jiulize ahadi ngapi hugeuka makala. Wapo waliojumlisha tafiti zilizofuatilia ikisiri za makongamano, hasa ya tiba na afya. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kujumlisha tafiti za afya, yalikusanya ripoti 425 zenye ikisiri zaidi ya laki tatu, yakakuta zilizochapishwa kikamilifu ni asilimia 37.3. Hayo si ya saikolojia peke yake, nisiyabebeshe mzigo usio wake. Ila nilipoanza kufuatilia za kwetu sikuwa na matumaini makubwa.

Mwanzoni nililichukulia hilo kama ushahidi kwamba makongamano ni kelele tu. Mwanasaikolojia mmoja wa idara yetu ndiye aliyenirudisha chini. Alinikuta nikilalamika, akacheka. "Dada, umewahi kufikiri kwa nini hazichapishwi?" Akanikumbusha alichokiandika mwanasaikolojia Robert Rosenthal mwaka 1979 kuhusu droo: majarida hupenda matokeo yenye tofauti ya kitakwimu, na tafiti ambazo hazikuona tofauti huishia kufungiwa kwenye kabati. Yeye mwenyewe ana mabango mawili ya tafiti ambazo hazikuona chochote. Jarida halikuyataka. Kongamanoni yalisomwa, yakabishaniwa, na kuna mtu alibadili mpango wa utafiti wake kwa sababu yake. Kwa hiyo ile theluthi mbili isiyochapishwa si uvivu wote. Ndani yake mna kazi halali ambayo kipimo cha majarida hakiwezi kuiona hata kidogo.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kama makongamano ni kipimo kizuri au kibaya. Nauliza kinapima nini. Na kwa kiasi kikubwa, kinapima nauli.

Hili linaonekana wazi ukipanga taasisi kwa miaka. Kongamano likifanyika karibu, idara iliyokuwa na mabango mawili inatokea na kumi na mawili. Mwaka unaofuata likiwa ng'ambo ya bahari, inarudi mawili. Hakuna aliyeerevuka kwa mwaka mmoja akapumbaa uliofuata. Kongamano la Kimataifa la Saikolojia lilianza Paris mwaka 1889, na halikufanyika kwenye ardhi ya Afrika mpaka lilipofika Cape Town mwaka 2012. Hesabu mwenyewe: miaka 123. Kwa muda wote huo mtafiti wa Afrika aliyetaka jina lake litokee kwenye ratiba ile ilibidi avuke bara. Ukipanga taasisi za dunia kwa ratiba hizo, umepanga pia umbali, viza na bajeti za safari, halafu ukaviita tija.

Dawa yake ya kwanza ni kugawa. Gawa mawasilisho kwa idadi ya walimu wa idara, maana idara ya watu sitini kuizidi ya watu tisa si habari. Ya pili ni kuchukua wastani wa miaka mitano au zaidi ili mahali pa mkutano pasikupotoshe. Ya tatu ni kuangalia dari: makongamano mengine hayamruhusu mtu mmoja kutokea zaidi ya mara kadhaa, SIOP wamewahi kuwa na dari ya mara tatu, kwa hiyo huwezi kutofautisha aliyekuwa na kazi tatu na aliyekuwa na saba. Hizo zote nilizifanya kwenye ripoti ya pili. Kurasa zilizokuwa na maelezo hayo ziliwekwa kiambatisho.

Ripoti ya kwanza ilikuwa imeshafanya yake. Fedha za safari ziligawiwa kwa kufuata lile jedwali la majina. Mwaka uliofuata idadi ya mabango ya idara ilipanda sana, na kwenye kikao nikapongezwa, eti kipimo kimeleta motisha. Nilirudi mezani nikafungua ikisiri zenyewe. Mabango matatu yalikuwa na washiriki wale wale, dodoso lile lile, mwezi ule ule. La kwanza lilizungumzia msongo wa mawazo, la pili usingizi, la tatu msongo wa mawazo na usingizi. Majina ya waandishi yalikuwa yale yale sita, yakizungushwa ili kila mmoja awe wa kwanza mahali fulani. Hakuna aliyedanganya. Kila sentensi ilikuwa kweli. Walikata mkate mmoja vipande vitatu kwa sababu mimi niliwaambia tunahesabu vipande.

Donald Campbell, naye mwanasaikolojia, alilieleza hili kwenye andiko la mwaka 1976: kadiri kipimo cha namba kinavyotumika zaidi kufanyia maamuzi ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kuharibiwa, na kuharibu kile kilichokusudiwa kupimwa. Nililisoma chuoni, nikalifanyia mtihani, nikalifaulu. Sikujua kwamba ningekuja kuwa mfano.

Sasa hivi jedwali langu ni jingine. Safu ya jumla ipo, kwa sababu wakubwa wanaitaka, lakini sitoi ripoti yenye safu hiyo peke yake. Ninayoipenda ni safu ya majina mapya: ni wangapi kwenye ratiba ya mwaka huu hawajawahi kutokea kabla, na ni wangapi kati yao ni wanafunzi waliotangulia kwenye orodha ya waandishi. Hapo makongamano yanajua kitu ambacho majarida hayakijui. Bango la mwaka wa kwanza wa uzamili ni mara ya kwanza mtu kusimama na kazi yake mwenyewe na kuulizwa na mgeni, "kwa nini ulitumia kipimo hiki?" Idara yenye mawasilisho arobaini ya watu watano wale wale miaka yote, na idara yenye kumi na tano ambayo kila mwaka saba ni sura mpya, mimi najua ipi ina kesho. Kwenye orodha ya tija ya kwanza inashinda kwa mbali.

Ninayo pia safu ya kufuatilia: baada ya miaka mitatu natafuta kama kazi ilitoka jaridani, kwenye hazina ya data ya wazi, au kwenye tasnifu. Ni kazi ya kuchosha na haimfurahishi mtu, maana jibu linakuja wakati uamuzi umeshafanyika. Mkurugenzi aliniuliza kama naweza kuiharakisha. Nikamwambia, "Profesa, miaka mitatu ni miaka mitatu."

Ilikuwa katika kufuatilia huko ndipo nilipomwandikia yule wa mstari wa 214. Sikuwa na haja ya kumbana. Nilitaka kujua tu kama utafiti ulikuwepo. Akanijibu siku hiyo hiyo. Utafiti ulikuwepo, data ilikuwa kamili, na bango alilichapisha kwa fedha zake kwa sababu fomu ya ofisi yetu inarudisha gharama baada ya safari, si kabla. Viza ilitoka siku moja baada ya kongamano kufungwa. Akaniambatishia picha bila kuombwa: bomba refu la karatasi ngumu limeegemezwa ukutani, mfuniko mwekundu, vumbi juu yake.

Jedwali halina safu ya mambo kama hayo. Alama yake nimemwachia, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika: bango lipo, limeviringishwa, liko nyuma ya mlango.